Meza Haijajaa

Iko kauli moja ambayo wapenzi wa michezo ya dhima wameigeuza kuwa sheria, nayo ni hii: meza ikishapata wachezaji watano, au sita wakizidi sana, imejaa, anayekuja baadaye na arudi kwao. Kauli hii husemwa kwa upole, tena kwa sauti ya utaalamu, kana kwamba ni kanuni ya hesabu isiyo na mjadala. Mimi naipinga. Naipinga kwa kuwa historia haiiungi mkono, wala ufundi wa mchezo wenyewe hauiungi mkono, na juu ya yote kwa kuwa inampa msimamizi mvivu kisingizio cha heshima cha kuwafukuza watu mlangoni.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo wenyewe, nieleze kwa ufupi. Watu huketi kuizunguka meza. Kila mmoja ana karatasi iliyoandikwa sifa za mhusika wake: nguvu zake, akili zake, silaha zake, mali yake. Mmoja wao hana mhusika. Yeye ndiye msimamizi. Huyu hueleza mahali wahusika walipo na jambo linalowakabili: mlango wa mawe, mto uliofurika, mzee wa kijiji anayeficha neno. Kisha huuliza, "Mnafanya nini?" Wachezaji hujibu, msimamizi huamua matokeo, na pale jambo linapokuwa la bahati dadu hurushwa. Hakuna mshindi wala mshindwa. Ni hadithi ambayo wasikilizaji wake ndio watendaji. Maarufu kuliko yote ni ule uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa Marekani.

Kwangu mchezo huu uliingia kupitia mjukuu wangu, aliyerudi kutoka chuo kikuu na kitabu cha kanuni alichokichapisha kutoka kwenye intaneti. Haikupita miezi mingi vijana wa mtaani wakaanza kuja kila Jumamosi, na sasa huwa 13 barazani kwangu. Siku moja alikuja kijana mwenzake wa chuo, msimamizi hodari kweli, akasimama kwenye ngazi akawahesabu kwa kidole. Akaniambia, "Shikamoo Mwalimu. Lakini, Mwalimu, watu wote hawa? Huu si mchezo tena, ni mkutano wa hadhara." Nikamwitikia marahaba, nikampa kiti. Jibu lake kamili ni hili ninaloliandika hapa.

Tuanze na historia, maana wanaosema meza ni ya watu watano huzungumza kana kwamba mchezo ulizaliwa hivyo. La hasha. Asili yake ni michezo ya vita ya maofisa wa Prussia. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme wake mchezo wa vita wa mezani, na mwaka 1824 mwanawe akachapisha kanuni zilizoboreshwa kwa matumizi ya jeshi. Katika mchezo ule kila upande ulitoa amri zake kwa maandishi, na mwamuzi aliyekaa katikati akaamua kilichotokea uwanjani. Mwaka 1880 ofisa wa jeshi la Marekani, Charles Totten, alichapisha kitabu chake kiitwacho Strategos, nacho kilimpa mwamuzi madaraka makubwa ya kuamua hata jambo ambalo kanuni hazikulitaja.

Kitabu hicho kilikaa maktabani hadi kijana mmoja wa Minnesota, David Wesely, alipokikuta. Mwaka 1969 Wesely aliandaa mchezo wa vita vya enzi za Napoleon uliohusu mji wa kubuni wa Kijerumani aliouita Braunstein. Majeshi mawili yalihitaji makamanda wachache tu, lakini watu waliofika walikuwa karibu 20. Sasa hebu tujiulize: msimamizi wa leo, mwenye kauli yake ya meza imejaa, angefanya nini? Angewachagua wanne na kuwaaga wengine. Wesely hakufanya hivyo. Waliobaki bila jeshi aliwapa dhima za watu wa mjini: mmoja akawa meya, mwingine mwenye benki, mwingine mkuu wa chuo kikuu, kila mmoja na haja yake ya siri. Wachezaji wakaanza kunong'onezana pembeni, kuapiana na kusalitiana, na wawili wakamjia wakasema wamekubaliana kupigana ana kwa ana, jambo ambalo hakuwa na kanuni yake. Yeye alitoka pale akidhani shughuli imemharibikia. Wenzake wakamwomba aiandae tena.

Mmoja wa wachezaji wale alikuwa Dave Arneson. Kuanzia mwaka 1971 Arneson aliendeleza mtindo ule katika nchi yake ya kubuni iitwayo Blackmoor. Baadaye alimwonyesha Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, na mwezi Januari 1974 wawili hao walitoa toleo la kwanza la Dungeons & Dragons, nakala 1,000. Katika vijitabu vile vya kwanza idadi ya wachezaji iliyotajwa ni kuanzia 4 hadi 50 katika mfululizo mmoja wa michezo, na uwiano uliopendekezwa ni msimamizi mmoja kwa wachezaji 20 hivi. Ndiyo, msomaji, 20. Gygax mwenyewe, wachezaji walipomzidia, hakufunga mlango; alimshirikisha kijana Robert Kuntz katika usimamizi. Kwa hiyo mtu akisema watu 13 ni kinyume cha asili ya mchezo, hajaisoma asili yenyewe. Mchezo huu ni mtoto wa umati. Umezaliwa kwa sababu watu walikuwa wengi kuliko viti, na aliyekuwa akiusimamia akakataa kumrudisha mtu nyumbani.

Upungufu wa vitu nao haukuwazuia wazee wale. Mwaka 1979 dadu zilipoadimika, wachapishaji walitia katika maboksi vipande vya karatasi ngumu vyenye namba, mchezaji achomoe kimoja kutoka kikombeni badala ya kurusha dadu. Sisi hapa barazani tunatumia kopo la maziwa na vikaratasi 20, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba bahati ya kwenye kopo ni duni kuliko ya kwenye dadu.

Nisije nikaonekana nampiga mpinzani wangu ilhali mikono yake imefungwa. Hoja zake ni mbili, na zote mbili zina uzito. Nizieleze kama yeye mwenyewe angezieleza.

Ya kwanza ni hesabu ya muda. Tuseme tumeketi saa 3, yaani dakika 180. Tuseme msimamizi anatumia nusu ya muda huo kueleza na kuamua; zinabaki dakika 90. Wachezaji wakiwa 5, kila mmoja anapata dakika 18 za kusema na kutenda. Wakiwa 13, kila mmoja anapata dakika zisizofika 7. Ya pili ni hesabu ya mapigano. Kila mchezaji akitumia dakika 2 katika zamu yake, mzunguko mmoja wa watu 13 unakula dakika 26 bila kuhesabu zamu za maadui. Mizunguko minne inakula dakika 104. Aliyekwisha kucheza zamu yake ana muda wa kwenda kununua mihogo na kurudi kabla hajaitwa tena. Anachoka, anatoa simu, anaanza kusoma habari za mpira. Hapo, asema mpinzani wangu, umewaonea hata wale watano ambao wangefurahi.

Hesabu hizi ni sahihi. Kosa liko kwenye dhana zilizozizaa, na mtu akikosea katika kuweka swali, kujumlisha vizuri hakumsaidii.

Hesabu ya kwanza inadhani kwamba wakati wowote ni kinywa kimoja tu kinachofunguka, na kwamba maneno yanayohesabika ni yale tu yanayoelekezwa kwa msimamizi. Ondoa dhana hiyo uone. Wahusika wamefika njia panda; upande mmoja kuna moshi, upande mwingine kuna nyayo. Msimamizi anasema, "Nawapa dakika 10, amueni," kisha ananyamaza, anakunywa chai yake. Wachezaji 13 wanajigawa wenyewe katika makundi matatu, wanabishana, wanashawishiana, wanatumiana wajumbe. Katika dakika hizo 10 yamezungumzwa maneno ya dakika 30, na msimamizi hakuhitajika hata mara moja. Hesabu ya mpinzani wangu inayaita hayo dakika 10 zilizopotea, maana yeye hakuzungumza ndani yake. Lakini je, mchezo si huo hasa? Kule Braunstein kilichowavutia watu hakikuwa maneno waliyoambiwa na Wesely; kilikuwa minong'ono iliyomzunguka.

Hesabu ya pili inadhani kwamba lazima kila mchezaji aitwe peke yake, asubiriwe awaze, atende, aamuliwe, ndipo aitwe mwingine. Nani aliweka lazima hiyo? Katika kanuni za msingi za mwaka 1981 dadu ya kuamua nani aanze hurushwa mara moja kwa kila upande, si mara moja kwa kila mtu. Upande wetu ukishinda, sote tunatangaza tunalotenda, kisha linaamuliwa kwa pamoja: wenye pinde kwanza, wenye mikuki baadaye. Kanuni hizohizo zilieleza pia nafasi ya msemaji wa kundi, ambaye hukusanya nia za wenzake na kuzifikisha kwa msimamizi, na nafasi ya mchora ramani, ambaye huchora mahali wanapopita. Nafasi hizo zilikuwako kwa sababu makundi yalikuwa makubwa. Vitabu vilivyofuata vikaanza kupimia kundi dogo, hata mwongozo wa wasimamizi wa mwaka 2014 ukakadiria mapambano kwa watu watatu hadi watano. Zana za umati zikaachwa zishike kutu, kisha watu wakashangaa kwamba umati hausimamiki! Ni sawa na mtu aliyetupa jembe, kisha akalilaumu shamba kwa ukubwa wake.

Hapa niruhusiwe kuzungumza kama mwalimu. Mwaka huohuo wa 1974 uliozaa vijitabu vile kule Wisconsin, huku kwetu Azimio la Musoma liliagiza kwamba ifikapo mwaka 1977 watoto wote wa rika la shule wawe darasani. Walimu hawakutosha, vyumba havikutosha, madawati hayakutosha. Watoto walikuja kwa zamu mbili, na wengine walikaa chini. Nilikuwa kijana nisiye na mvi hata moja. Baadaye, kwa miaka mingi, kazi yangu ikawa kukaa nyuma ya madarasa kama hayo na daftari mkononi, nikiwatazama wanachuo wetu wakifanya mazoezi ya kufundisha.

Nililoliona huko nyuma ni hili. Yuko mwalimu mwenye watoto 90 aliyesimama mbele na chaki, akauliza swali moja, akainuliwa mikono 40, akamchagua mmoja, akapata jibu moja, akasema "Vizuri, keti." Kwa mwalimu huyu watoto 89 ni mapambo ya chumba. Na yuko mwingine, mwenye watoto 90 walewale, aliyewagawa katika makundi, akampa kila kiongozi wa kikundi jambo la kuuliza, akazunguka akisikiliza. Darasa lake lilikuwa na kelele kama soko, lakini ukisogea ungesikia kwamba kila kelele ilikuwa na maana. Kisha nikaenda shule nyingine, nikamkuta mwalimu mwenye watoto 20 tu, na katika kipindi kizima waliozungumza walikuwa watatu. Basi idadi ilimsaidia nini huyu? Alipewa darasa dogo akalifundisha kwa mtindo uleule wa mwenzake mwenye darasa kubwa: maneno yote yalipita kinywani mwake kama maji yanavyopita kwenye bomba moja.

Ugonjwa huohuo niliuona hata katika somo la igizo dhima, mbinu tuliyowafundisha wanachuo kwa bidii kubwa. Mwanachuo anawaita watoto watatu mbele, mmoja awe mgonjwa, mwingine daktari, mwingine mama wa mgonjwa. Wengine wote wanatazama. Kisha anaandika katika andalio lake la somo kwamba wanafunzi wameshiriki. Wameshiriki wapi? Kutazama si kushiriki. Msimamizi wa mchezo anayeendesha watu 13 kwa kumwita mmoja baada ya mwingine ni ndugu wa mwanachuo huyu.

Wala mkubwa yeyote wa elimu asiyachukue maneno yangu akayafanya sera. Sisifu msongamano. Mtoto anastahili dawati, anastahili kitabu, anastahili mwalimu anayelijua jina lake, na serikali isiyompa hayo haiwezi kujificha nyuma ya ustadi wa mwalimu mmoja hodari. Ninalosema ni jingine kabisa: watu wanapokuwa wamekwisha kufika, na wewe ndiwe uliyekabidhiwa, wingi wao si hoja ya kutowafundisha. Wingi ni hali ya kazi yako, kama mvua ilivyo hali ya kazi ya mkulima.

Basi watu 13 wanasimamiwaje? Nitaje yale yanayofanya kazi, ili nisije nikaitwa mtu wa maneno matupu.

Kwanza, madaraka yagawanywe. Barazani kwangu yuko msemaji, yuko mchora ramani, yuko mweka hazina anayejua tuna mishale mingapi na chakula cha siku ngapi, yuko mwandishi anayesoma muhtasari wa Jumamosi iliyopita. Kila kazi hiyo ilikuwa mzigo wa msimamizi; sasa ni heshima ya mchezaji. Wanaonitajia methali ya nahodha wengi, chombo huenda mrama, nawajibu kwamba nahodha bado ni mmoja. Lakini ni nahodha gani wa jahazi aliyewahi kushika usukani, kukaza tanga na kufua maji ya ngama kwa mikono yake miwili, huku mabaharia wake wamekaa wakimtazama?

Pili, msemaji asiwe mfalme. Hii ni hatari ya kweli, na wanaoupinga utaratibu wa msemaji wana haki ya kuitaja. Mpe kijana mwenye sauti kubwa nafasi hiyo kwa mwezi mzima, naye atasahau kwamba wengine wana ndimi. Dawa yake ni mbili. Nafasi izunguke kila Jumamosi. Na msemaji akileta uamuzi, msimamizi asiulize "Mmeamua nini?" bali "Nani hakukubali, na anasemaje?" Swali hilo moja humlazimisha msemaji awe amemsikia kila mtu kabla ya kuja mbele.

Tatu, kundi likigawanyika ndani ya hadithi, liachwe ligawanyike. Wasimamizi wengi huliogopa jambo hili kuliko simba. Lakini watu 7 wakiingia pangoni na 6 wakabaki kulinda punda, hapo una meza mbili. Wale 6 wapewe jambo lao: wapagazi wanadai ujira, mvua inakuja, kuna mwanga wa taa unaosogea bondeni. Tena huu ndio wakati wa kumpa msimamizi msaidizi kazi. Yule mjukuu wangu huwachukua walinda punda chini ya mwembe, nami hubaki na wa pangoni. Tukikutana baada ya saa moja, kila upande una habari ambazo mwingine hazijui, na kusimuliana kwao ni mchezo mwingine kamili. Yeyote aliyewahi kutamba hadithi akaitikiwa "Pakawa" na ua mzima anajua kwamba hadithi hunoga pale wasikilizaji wanapokuwa na neno la kutia.

Nne, adui naye alingane na kundi. Ukiliweka joka moja mbele ya watu 13, linapigwa mara 13 kabla halijafunua mdomo, kisha unalalamika kwamba wachezaji wengi huharibu mapambano. Weka maadui wengi, wadogo, waliotawanyika. Weka daraja linalokatika, nyumba inayoungua, watoto wa kuokolewa. Watu wengi wapewe kazi nyingi kwa wakati mmoja. Penye wengi pana mengi. Basi yawepo hayo mengi.

Tano, si lazima wote waje kila mara. Mmarekani Ben Robbins aliwahi kueleza mwaka 2007 jinsi alivyousimamia mfululizo aliouita West Marches, wenye wachezaji zaidi ya 10, ambao hawakuwa na siku maalumu wala kikundi cha kudumu. Wachezaji wenyewe walipatana nani aende na lini, wakamwarifu msimamizi wanakotaka kwenda. Wote walikuwa wa nchi moja ya kubuni, na ramani yao ilikuwa moja. Hata anayetaka meza ndogo anaweza kuipata hivi bila kumtupa mtu nje.

Je, hakuna mpaka? Uko. Hadithi ya siri nzito ya familia, au ya hofu ya polepole, hutaka watu wachache walioketi karibu, sikatai. Na hata kundi linalojua kujiendesha hufika mahali sauti ya msimamizi haifiki. Mimi wakizidi 15 sijaribu bila msaidizi, na wale wa mwaka 1974, waliokuwa wazoefu kuniliko, waliweka alama yao kwenye 20. Lakini angalieni tofauti. Wao walipofika mpakani waliongeza msimamizi. Hawa wa leo wakifika kwenye 5 wanapunguza wachezaji. Mpaka ni uleule wa nguvu za mtu mmoja. Anayetozwa gharama yake ndiye aliyebadilika.

Na gharama yenyewe humwangukia nani? Hapa ndipo mchezo unapoacha kuwa jambo dogo. Katika watu 13 ukisema unabakiza 5, hutawachagua kwa kura ya kopo. Utabakiza wale waliowahi, wanaokaa karibu, wenye sauti, wanaozijua kanuni tayari, marafiki wa msimamizi. Watakaorudishwa ni yule anayechelewa kwa sababu huuza maandazi ya mama yake kwanza, na yule mwenye kigugumizi, na yule mdogo, na yule msichana aliyekuja peke yake katikati ya wavulana. Hakuna atakayesema kwamba wamefukuzwa kwa sababu hizo. Itasemwa kwamba meza ilikuwa imejaa.

Yuko binti mmoja wa kidato cha pili kati ya wachezaji wetu. Jumamosi tatu za mwanzo hakutamka neno zaidi ya salamu. Meza ya watu watano isingemvumilia, kwa kuwa katika meza ya watano mkimya mmoja ni pengo, kila mtu anamtazama anasubiri. Katika watu 13 aliweza kukaa, akasikiliza, akajifunza bila kuaibishwa. Jumamosi ya nne nafasi ya mchora ramani ilikuwa wazi akaiomba kwa kuinua penseli yake tu. Wiki chache baadaye wenzake walikuwa wakikimbia ndani ya pango, msemaji wa siku hiyo akisisitiza kwamba waende kulia. Binti akaweka kidole kwenye karatasi akasema, "Kulia tulishapita. Ni shimo." Watu 12 wakanyamaza, wakamfuata yeye kushoto. Leo hii hoja anazozitoa zinampa msemaji kazi ngumu. Sidai kwamba mchezo ulimbadilisha. Labda alikuwa hivyo siku zote. Nadai tu kwamba meza ndogo isingepata kujua.

Wanaoipenda meza ya watano hawana ubaya moyoni, nakiri. Wamezoea raha, na raha ni tamu. Meza ndogo humfanya msimamizi aonekane bingwa: kila macho yako kwake, kila neno linamrudia, kila kicheko ni chake. Meza kubwa humnyang'anya utukufu huo. Ndani yake atajikuta mara nyingi hana la kufanya, huku watu wakicheka kwa jambo ambalo hakulisikia. Walimu wengi hawakuweza kuvumilia kukaa hivyo, wala wasimamizi wengi hawawezi. Ndiyo maana nasema shida ya meza kubwa haiko kwa waliokuja. Iko kwenye kiti kimoja.

Kwa hiyo wewe unayesimamia, ukiwaona watu wamesimama kwenye ngazi na karatasi zao mikononi, usianze kuwahesabu wao. Hesabu kwanza maneno yako mwenyewe: mangapi kati ya hayo yangeweza kusemwa na mwingine. Ukishayapunguza hayo, songa kidogo kwenye benchi, uwaambie wakae.